Roho Mbili Ndani ya Ndege

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kuichukua ndege kwa fundi, kuirudisha uwanjani kwetu kabla ya giza, kuifunga kamba, kwenda nyumbani kula. Basi. Uwanja wetu hauna taa. Ni kipande cha ardhi kilichosawazishwa na banda la mabati pembeni, kwa hiyo jua likizama na wewe bado uko juu, hiyo ni shauri yako.

Sasa sijui nani alimwambia mdogo wangu.

"Dada, nakuja."

"Huji."

"Nimeshavaa viatu."

Ndivyo alivyokuwa. Nyumbani tulimwita Kiherehere na wala hakuchukia. Alianza kuongea akifumbua macho asubuhi, na maneno yakimwishia alikuwa anaimba kwa puani, wimbo huohuo, mpaka unatamani kumfunga mdomo kwa gundi. Ndege alituachia baba sote wawili alipofariki. Ilikuwa kuukuu, injini moja, viti viwili ubavu kwa ubavu. Mimi nilijifunza kuirusha. Yeye alijifunza kujisifu nayo kwa marafiki zake.

Nilimchukua. Ningemwachaje? Nilimpenda, mtoto msumbufu yule.

Kwa fundi nilifanya kila kitu nilichofundishwa. Nilizunguka ndege nikiigusa kwa mkono. Nilikinga mafuta kidogo kwenye kikombe cha kioo, nikayainua kwenye mwanga kutazama kama yana maji. Hayakuwa na maji. Tanki zote zimejaa. Injini iliwaka mara ya kwanza, na fundi akaninyooshea dole gumba huku anafuta mikono kwenye ovaroli. Msije mkaniambia nilizembea. Watu wengi wameshanitazama kwa jicho hilo na nimechoka nao.

Lakini kabla hatujaruka, lazima niwaeleze kuhusu zoezi. Bila zoezi hamtaelewa chochote.

Kila anayesomea urubani wa ndege ndogo hufundishwa kutua injini ikifa. Mwalimu anavuta mpini wa gesi mpaka mwisho, injini inafifia, unasikia upepo tu, halafu anakwambia, "Injini imekufa. Haya." Unatafuta shamba tambarare. Unaelekeza pua huko, unashuka, unashuka... Ukishaanza kuona jani mojamoja, anasukuma gesi na mnapanda tena mnacheka. Ni mchezo wa kuigiza. Hakuna anayetua kweli.

Mwalimu wangu alikuwa na mtindo wake. Walimu wengine wanakuacha upite tu juujuu kwenye mwito wa dharura, ule wa kuomba msaada redioni. Yeye alitaka useme wote kwa sauti, ila usibonyeze kitufe, ili usiwatie watu wazimu. "Nani, wapi, roho ngapi," alikuwa akisema. "Kwa sauti. Nisikie." Maana sisi kwenye redio hatusemi abiria wala vichwa. Tunasema roho, ili watakaokuja kutafuta wajue watafute wangapi.

Basi nilikuwa nasema. "Injini imekufa, natua shambani, roho mbili ndani ya ndege." Kila zoezi. Na kila zoezi, shamba lilikuwa lilelile.

Lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Tambarare, kijani, udongo mweusi wa kumtia mkulima wivu, na halikulimwa hata siku moja. Mwisho wake kulikuwa na nyumba ya bati lililoshika kutu, na mlangoni bibi mmoja amesimama, anatutazama juu. Siku zote amesimama. Nilimuuliza Mwalimu shamba la nani.

"La mtu anayependa wageni," alisema.

Yeye mwenyewe aliwahi kutua pale kweli, zamani, injini ilipomfia akiwa na mkewe. Mkewe alirudi akiwa hoi kwa kulia. Yeye alirudi bila hata mkwaruzo. Watu walimsifu kwa utulivu. Na kweli alikuwa mtulivu mno, hatoki jasho, hapandishi sauti, mbwa wa uwanjani wakimwona wanaondoka bila kubweka. Kitu kimoja tu kilikuwa kinanikera. Asubuhi za baridi, watu wawili wakikaa ndani ya ndege, kioo cha mbele kinaingia ukungu wa pumzi. Upande wangu nilikuwa nafuta na kitambaa kila saa. Upande wake kioo kilikuwa kikavu, safi, siku zote.

Na yeye kwa mdomo wake hakuwahi kusema roho ngapi. Hata mara moja. Alikuwa anatusemesha sisi tu.

Haya, sasa turuke.

Jua lilikuwa limeshuka, jekundu. Kiherehere alikuwa kwenye kiti cha upande wa kulia, anakula biskuti na kunimwagia chenga kwenye paja, anaimba kwa puani. Kioo chake kilikuwa na ukungu, anachora vikatuni kwa kidole.

"Dada, pale chini kuna nani?"

Nilitazama. Shamba. Nyumba. Bibi mlangoni.

"Achana naye."

"Anatuita kwa mkono."

Hapo ndipo niliposikia harufu. Udongo uliolowa. Mvua haikuwa imenyesha kwa muda mrefu, na tulikuwa juu, madirisha yamefungwa, lakini harufu ilijaa ndani mpaka Kiherehere akaacha kutafuna.

Injini ikakohoa.

Mara moja. Kisha tena.

Kisha ikanyamaza.

Propela ilizunguka kivivu, ikapunguza... ikasimama wima mbele ya uso wangu. Jamani, ukimya ule! Mnadhani ukimya ni kutokuwa na sauti. Mle ndani nilisikia mate yakipita kooni mwa mdogo wangu.

Mikono ilifanya kazi yenyewe. Mwendo kwanza, pua chini kidogo, ndege ielee isidondoke. Koki ya mafuta nikaigeuzia tanki ya pili. Swichi za cheche, nikazijaribu zote. Kitufe cha kuwasha. Hakuna. Mafuta yamejaa tanki zote mbili na injini imekufa kama haikuwahi kuwa hai.

"Dada..."

"Kaza mkanda. Nyamaza."

Nilitafuta mahali pengine, naapa. Kushoto miti. Kulia mawe na korongo. Mbele, tambarare, kijani, pazuri kabisa, lile shamba. Nilibonyeza kitufe cha redio kuita msaada, na kabla sijafungua mdomo, spika ikaongea.

"Injini imekufa. Natua shambani. Roho mbili ndani ya ndege."

Sauti yangu.

Ya zamani, ya kimwanafunzi, na kicheko kidogo mwishoni. Mwito ambao niliusema bila kubonyeza kitufe. Ambao haukwenda hewani hata siku moja. Nyuma yake ukaja mwingine. Na mwingine. Zote mimi. Roho mbili. Roho mbili. Roho mbili.

Nilipiga kelele juu ya sauti zangu mwenyewe. Nikataja sisi ni nani, tuko wapi. "Roho mbili ndani ya ndege! Ni kweli safari hii!" nikasema, mpumbavu mimi.

Redio ikakatika.

Nitasema hili kwa sababu hakuna mwingine wa kulisema: nilitua vizuri. Nilipitisha ndege juu ya miti ya mwisho, nikainua pua, magurudumu yakagusa nyasi, yakaruka kidogo, yakatulia. Kiherehere aligonga paji la uso kwenye dashibodi, damu ikatoka kidogo. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Dada, umetua! Dada, wewe ni kiboko!" Nilimkumbatia nikamfinya mpaka akalalamika. Tulikuwa hai. Nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Tuliposhuka, bibi alikuwa ameshafika kwenye bawa. Sikumwona akitembea.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

Hakuitikia. Alimtazama mdogo wangu, kisha mimi, kisha mdogo wangu, polepole.

"Mmechelewa," alinong'ona. "Ingieni. Viti vipo."

Mtaniuliza mliingia kufanya nini. Simu haikuwa na mtandao. Giza lilikuwa linaingia. Mdogo wangu anatoka damu, na nyumba ilikuwa ni ile tu. Hata nyinyi mngeingia.

Ndani kulikuwa na chumba kimoja, na chumba kilikuwa kimejaa viti. Viti vya plastiki, vya mbao, stuli za jikoni, viti vya ofisini vyenye magurudumu, kiti cha kinyozi kimoja na mwenzake. Vyote viwili viwili, vimegusana mabega, vimeelekezwa mlangoni. Vyote vina vumbi jeupe. Isipokuwa pea moja tu ukutani, kimoja kina vumbi, kimoja kimeng'aa kwa kukaliwa.

Harufu ya udongo uliolowa.

"Kila mkisema mbili," alinong'ona, "mimi naweka viti. Mnashuka. Naona mpaka meno yenu mkicheka. Halafu mnapanda. Kila mara nakaa na viti vyangu."

"Ni... ni zoezi, bibi. Tunajifunza."

"Na mnanidanganya. Mnasema mbili. Nikitazama juu naona moja. Yule mwenzako wa kulia ni wangu tangu zamani. Mkewe alinipa." Akagusa kile kiti kilichong'aa. "Leo nimeona mbili kweli."

Kiherehere alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshikilia blauzi yangu kama tulipokuwa wadogo, na kwa woga alikuwa anaimba kwa puani, wimbo wake uleule.

"Chukua yangu," nikasema. Sijui ujasiri ulitoka wapi. "Mwache huyu. Chukua mimi."

Alicheka bila sauti. Mabega tu yalitikisika.

"Yako huwezi kunipa wewe. Sharti nipewe na mtu wa kwenu. Lakini sema tena, nisije nikakosea. Roho ngapi zimekuja kwangu?"

Nilifikiri haraka. Ole wangu na akili yangu ya haraka. Nilijiambia, huyu anachukua kinachotajwa. Nisipomtaja mdogo wangu, hatamgusa. Nimfute. Nimtoe kwenye hesabu.

"Moja," nikasema. "Yangu tu. Huyu hayumo."

"Hayumo?"

"Hayumo. Yeye hana. Usimhesabu."

"Umesema hana?"

"Hana!"

Bibi akatabasamu, na niliona jinsi jibu lile lilivyomfurahisha.

"Basi hana," alinong'ona. "Asante, mjukuu wangu."

Nyuma yangu, wimbo ulikatika katikati.

Mkono ulioshika blauzi yangu ukaachia.

Nilipogeuka, Kiherehere alikuwa amekaa. Kwenye kiti cha kinyozi. Amekunja mikono kwenye mapaja, damu ya paji la uso imekauka, ananitazama kwa adabu. Kwa adabu! Mdogo wangu hakuwahi kunitazama kwa adabu maisha yake yote.

"Twende, dada," alisema. "Wamekuja kutuchukua."

Kweli nje kulikuwa na taa za gari. Mwalimu ndiye aliyefika wa kwanza, peke yake, kwenye njia isiyo na kibao wala alama. Hakuniuliza kama nimeumia. Alinipita, akamshika mdogo wangu mkono.

"Karibu," alimwambia.

Nilitazama nyuma tulipokuwa tunaondoka. Taa za gari ziliimulika nyumba. Bati limeanguka ndani, nyasi zimetoka dirishani, na mlango hauna hata fremu. Hakuna kiti. Nilimwomba Mwalimu asimame, nikamshika bega, baridi yake ikapita shati. Hakusimama.

Fundi aliifuata ndege kesho yake. Injini iliwaka mara ya kwanza. Akaifungua yote, nati kwa nati, akakuta kila kitu kizima, ila kwenye bomba la hewa kulikuwa na donge la udongo mweusi, bado limelowa. "Labda wadudu," alisema, akatupa kwenye pipa. Hakunitazama usoni.

Mama alifurahi kuliko wote. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

"Ajali imemkomaza mtoto," alikuwa anawaambia majirani. "Ametulia! Hata kelele hana tena." Mdogo wangu alikuwa anaosha vyombo bila kuambiwa. Anakula kile alichowekewa, hasemi kimeiva wala hakijaiva. Usiku nilikuwa nasogea kitandani kwake nimsikilize akipumua, naweka kioo cha mkononi karibu na pua yake. Kioo kilikuwa kinabaki kikavu. Na yeye alikuwa amefumbua macho, ananitazama kwa upole.

"Dada," alikuwa ananong'ona, "si ulisema sina?"

Nilimwambia Mama. Kwa machozi, nikiwa nimepiga magoti jikoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka mwiko chini.

"Unamwonea wivu mdogo wako," alisema. "Toka lini mimi nimezaa mtoto mwenye roho mbaya hivyo?"

Tangu siku hiyo hatukuliongelea tena. Sikurusha ndege tena. Na Kiherehere akaenda kwa Mwalimu, akaomba afundishwe.

Alijifunza haraka. Kila mtu alisema hajaona mwanafunzi asiye na woga kama huyu. Alipopewa leseni, Mama aliitundika sebuleni, kwenye msumari uliokuwa na picha ya baba.

Jana... hapana, ni leo. Leo alasiri nilitoka kazini, nikakuta nyumba imefungwa. Jirani akaniambia mama yako kaondoka kapendeza huyo, viatu vya ngozi, mkoba, anasema binti yake anampeleka kuona dunia kutoka juu.

Sikumbuki nilifikaje uwanjani. Nakumbuka pumzi zinanikata, na manyunyu ya mvua, na ndege yetu inakatiza kuelekea mwanzo wa njia ya kurukia. Nilikimbia nikipunga mikono. Mama aliniona. Alinipungia, anacheka, ameketi kiti cha rubani kabisa, kiti changu, kama mtoto aliyepewa usukani wa kuchezea. Mdogo wangu alikuwa upande wa kulia.

Kioo cha upande wa Mama kilikuwa kimejaa ukungu. Kioo cha kulia kilikuwa safi.

Waliruka.

Kwenye ofisi mle bandani Mwalimu alikuwa amekaa, redio mezani mbele yake, mikono kwenye mapaja. Niliirukia ile redio. Hakunizuia. Aliinua tu kidole.

"Usipige kelele," alisema kwa sauti ndogo. "Mama yako yuko darasani."

Kwa mbali, juu ya lile shamba, mlio wa injini ulififia. Redio ikakwaruza.

"Nabonyeza hapa? Hivi?" Mama. Sauti yake ya kuongea na simu, ya kupayuka. "Haya, nimebonyeza. Niseme nini, mwanangu?"

Nilibonyeza kwangu. "Mama, usiseme! Mama, achia! Mama!"

Wenye kazi yetu wanajua. Ukiwa umebonyeza kitufe unasikika wewe tu. Husikii mtu. Mpaka uachie. Na Mama alikuwa ameking'ang'ania kwa vidole vyote, kama anavyoshika kila kitu.

"Injini imekufa," alisema, anacheka. "Aa, mbona umeizima? Haya, haya, nasema. Natua shambani."

Kisha kwa nyuma, kwa upole, sauti ya mdogo wangu. "Roho ngapi, Mama?"

"Roho... mbili, si ndiyo?"

"Za nani, Mama? Sema kwa sauti."

"Mama, achiaaa!"

"Za nani tena," alisema Mama, na mapenzi yake yote yalikuwa kwenye ile sauti, "zenu. Wanangu wawili. Mimi mzee nijihesabu kwa lipi?"

Kimya.

Halafu injini ikanguruma tena juu ya miti.

Mwalimu alisimama, akaweka kiti chake vizuri chini ya meza.

"Yeye alikuwa ananipenda sana pia," alisema. "Mke wangu." Akatoka. Mbwa wawili waliokuwa wamejikinga manyunyu barazani waliinuka wakaondoka.

Waliposhuka, Mama alinikumbatia. Mikono yake ilikuwa ya moto, anatoka jasho, ananukia mafuta yake ya nywele. Nilimshika kwa nguvu zangu zote. Alinisamehe palepale, bila kuniambia anasamehe nini. Alisema ni siku nzuri kuliko zote tangu baba afariki. Alisema bibi mmoja pale chini aliwapungia mkono.

"Maskini, anakaa peke yake. Nikamwambia mdogo wako, siku moja tumkaribishe."

Sasa jua limeshazama. Nimejifungia chumbani. Nasikia Mama jikoni anaweka sahani, na mdogo wangu anampangia vijiko, bila kuimba. Nimekaa mbele ya kioo cha kabati. Napumua juu yake, ukungu unatokea. Naufuta kwa kiganja. Napumua tena, unatokea. Bado ninao. Bado.

Kuna mtu ameingia sebuleni. Sikusikia mlango.

"Shikamoo, bibi!" Sauti ya Mama, ya furaha, ya kupokea mgeni. "Jamani, tulikuwa tunakutaja sasa hivi!"

Sisikii kuitikia.

Harufu inapita chini ya mlango.

"Yupo, yupo," anasema Mama. "Amepumzika tu. Chumba chake ni kile pale, bibi, gonga usiogope, hapa ni kwenu." Kisha anamgeukia mdogo wangu, kwa sauti ya chini, ya kulaumu kidogo. "Mletee bibi kiti."

"Viwili, Mama," anasema mdogo wangu.

Napumulia kioo tena.